Bwana Huku na Bi Kule

Wauguzi ndio waliompachika jina la Mama Diski, na mwanzoni alilichukia. Alisema linamfanya aonekane muuza santuri. Baadaye akalizoea, hata barua za ofisini zikawa zinamfikia kwa jina hilo. Nilifanya kazi chini yake miaka tisa katika chumba cha seva cha hospitali, na kama kuna mtu anayeweza kumwelezea ni mimi. Pia mimi ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kufunga mdomo. Nimeufunga vya kutosha.

Hakusomea kompyuta. Aliingia hospitalini akiwa msichana wa masjala, kazi yake kutoa mafaili ya wagonjwa rafuni na kuyapeleka dirishani. Faili likipotea, anayefokewa ni yeye, si aliyelipoteza. Alikuwa akisimulia jinsi alivyowahi kushinda sakafuni kutwa nzima, katikati ya marundo ya karatasi, akitafuta faili la mwanamke aliyekuwa akilia dirishani, na jinsi alivyolikuta jioni limetumiwa kuzibia kioo kilichovunjika. Tangu siku hiyo alikuwa na ugomvi binafsi na kila kinachopotea. Kompyuta zilipoletwa, makarani wenzake walinung'unika wakahamia idara nyingine. Yeye aliwaganda mafundi waliokuja kuzifunga, akiwauliza maswali mpaka wakawa wanapita mlango wa nyuma. Ndivyo alivyojifunza.

Mimi nilikuja na cheti changu cha chuo na kichwa kikubwa. Wiki ya kwanza alinikuta nimeweka kikombe cha chai juu ya kabati la diski. Hakunifokea. Alikichukua, akainywa chai yote mbele yangu, akanirudishia kikombe kitupu.

"Haya, sasa kiweke," akasema.

Niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana bila hiyo msiba wetu hauelezeki. Hospitali yote siku hizi inaendeshwa na kompyuta zisizoshikika. Ya maabara, ya dawa, ya picha za eksirei, ya wodi ya watoto: kila moja ni kompyuta kamili isiyo na mwili, inayoishi ndani ya kabati la diski. Mafundi huziita mashine pepe. Mhudumu wetu wa usafi alisikia "mashine za pepo", akakataa kupiga deki chumbani kwetu wiki nzima. Sasa, uzuri wa mashine isiyo na mwili ni kwamba ikipatwa na balaa mahali pamoja inaweza kuamshwa mahali pengine, mradi kila ilichokiandika kiwe kimenakiliwa huko. Kwa hiyo tulikuwa na makabati mawili. La kwanza lilikuwa jengo kuu, chini ya wodi za ghorofani. La pili lilikuwa tawini, upande wa pili wa mji, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa ya kufulia mashuka. Kilichoandikwa kwenye la kwanza kilinakiliwa kwenye la pili baada ya dakika chache, usiku na mchana.

Waliotuuzia makabati yale waliyapa majina ya herufi na tarakimu kumi na nne, na yalitofautiana kwa tarakimu moja tu ya mwisho. Mama Diski alisema huo ni mtego, siku moja mtu atakosea. Akayabadilisha. Lililokuwa mbele yake jengo kuu akaliita HUKU, la tawini akaliita KULE. Akabandika lebo kwa mwandiko wake wa masjala, akayaandika na ndani ya mitambo, ikawa ukifungua skrini yoyote unayaona: HUKU, KULE.

Nilimwambia siku ile ile kwamba mimi nikiwa tawini, kule kwake ndiko huku kwangu. Alicheka sana. Akasema basi tuyape heshima yake: Bwana Huku na Bi Kule. Mtu akisema "huku" tu, anasema mahali alipo. Akisema "Bwana Huku", anasema kabati. Tukayafanya mume na mke walionuniana, kila mmoja na nyumba yake, wanaoandikiana barua tu. "Bwana Huku ameamka na homa," angeniambia, akimaanisha joto limepanda. Au mimi ningesema, "Bi Kule analalamika diski ya saba inampa kichefuchefu." Na alikuwa na kanuni moja ya kazi kubwa kubwa, ambayo alinilazimisha niikariri kama mtoto wa shule: sema, rudia, bonyeza. Mmoja aseme, mwingine arudie alichosikia, ndipo kitu kibonyezwe.

Mara tatu aliandika barua kuomba mtambo wa akiba, ule unaohifadhi hali ya jana na ya juzi mahali pasipoguswa. Mara tatu alijibiwa kwamba tayari tuna nakala mbili, tunataka nini tena? Nilikuwepo siku moja akijaribu kumweleza mkurugenzi. "Mheshimiwa, nakala hii inafuata kila kitu. Ukifuta kwa mume, inafutwa na kwa mke." Mkurugenzi akacheka, akasema ndoa ya namna hiyo angeipenda. Hakuelewa, wala hakutaka kuelewa, na mpaka leo nikimwona akipita na gari lake natafuta pa kutazama.

Mwaka ule binti yake wa pekee alikuwa mjamzito. Mkwewe ni dereva wa malori ya masafa, wiki tatu barabarani, siku nne nyumbani. Kwa hiyo binti alihamia kwa mama yake, na kila asubuhi Mama Diski aliingia kazini na ripoti: jana amekula, jana hakula, jana amesema mtoto anapiga teke kama anatafuta mlango. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha ya wazi namna ile, na yeye hakuwa mtu wa kuonyesha meno ovyo.

Bomba la bafu la wodi ya juu lilipasuka siku ya Jumatatu, saa sita mchana. Maji yaliteremka ukutani moja kwa moja hadi chumbani kwetu. Mama Diski alivua kanga begani akamfunika Bwana Huku, akazima umeme kwa mkono wake, akanipigia simu nikiwa tawini. "Bi Kule aamke. Rudia."

"Bi Kule aamke," nikarudia, nikabonyeza. Baada ya dakika ishirini na tano hospitali ilikuwa inafanya kazi kutoka tawini, na wagonjwa hawakujua lolote. Mkurugenzi alimpigia makofi mbele ya wakuu wa idara. Ilikuwa siku yake kuu.

Kesho yake binti alianguka bafuni nyumbani. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Alipasuliwa mchana ule ule, akapoteza damu nyingi, akalazwa chumba cha mahututi hajitambui. Mtoto, wa kike, alipelekwa wodi ya watoto njiti. Huko simu haziruhusiwi, hata ya daktari huachwa mlangoni. Lakini kila mtoto anapoingia hupigwa picha moja na kamera ya wodi, uso ukiwa wazi, ili watoto wasichanganywe. Picha huingia kwenye mashine pepe ya wodi, pamoja na uzito na saa ya kuzaliwa. Ndivyo ilivyofanyika na kwake.

Mtoto aliishi siku mbili. Alhamisi asubuhi akafa. Baba yake alikuwa angali njiani, mama yake hana fahamu, kwa hiyo wanaume wa upande wa mume walikuja, wakakabidhiwa kitu kilichofungwa ndani ya shuka, wakakizika siku hiyo hiyo. Mama Diski alirudi chumbani kwetu saa kumi. Alikaa kwenye kiti chake, akaniuliza kama joto la Bi Kule liko sawa. Nikamwambia liko sawa. Tukakaa hivyo mpaka muda wa kazi ukaisha.

Binti alizinduka Ijumaa. Mama yake ndiye aliyemwambia. Nilisimuliwa na muuguzi kwamba hakupiga kelele, alirudia neno moja tu: "Sijamwona. Mama, sijamwona." Na Mama Diski akamwambia, "Picha yake ipo, mwanangu. Iko kwangu. Ninayeitunza ni mimi, haiendi popote. Ukipata nguvu za kukaa, tutajaza fomu uione."

Nilimshauri. Nilimwambia, "Dada, wewe una funguo za kila kitu humu. Ichapishe leo umpelekee."

Akanitazama kana kwamba nimeweka tena kikombe juu ya kabati. "Kila anayefanya kazi hapa ana mtu wake wodini. Nikijipendelea mimi, kesho nitamzuia nani? Fomu ina sahihi ya mama na muhuri wa wodi. Atasaini akiweza kushika kalamu." Sikumlaumu wakati ule. Nilimwona ni mtu mnyoofu, na alikuwa mnyoofu.

Jumapili ndiyo siku tuliyopangiwa kumrudisha Bwana Huku kazini. Alikuwa amekaushwa, amebadilishiwa nyaya, yu hai, lakini alikuwa hajui chochote kilichotokea tangu Jumatatu. Siku zote sita zilikuwa kwa Bi Kule peke yake. Mpango ulikuwa na hatua mbili. Ya kwanza, nizime mashine pepe, kisha ninakili kila kilicho kipya kutoka kwa Bi Kule kwenda kwa Bwana Huku. Ya pili, tukishahakikisha, Mama Diski akiwa jengo kuu aanzishe mwendo wa kawaida: Bwana Huku aandike, Bi Kule afuate. Nilitakiwa nimalize hatua ya kwanza kufikia saa nne asubuhi. Sikumaliza. Sikuwa hata nimeianza. Mashine ya maabara ilikataa kuzimika na nikapoteza saa mbili nikibembelezana nayo. Saa nne na robo ndipo ya mwisho ilipozimika, nami nikawa nimesimama mbele ya Bi Kule, jasho linanitoka, naogopa kwamba katika vurugu zile nimeharibu kitu. Nilikagua. Hakuna kilichoharibika.

Ndipo simu ilipolia. Mama Diski alikuwa ametoka wodini mbio. Alikuwa na siku tano hajalala vizuri, sauti imekauka.

"Data mpya ziko wapi?" akauliza.

Kwangu mimi swali lilikuwa hilo hilo lililokuwa likinisumbua: zipo au hazipo? Nilikuwa nimeweka mkono juu ya kabati.

"Ziko huku," nikasema. "Zote. Salama kabisa."

"Ziko huku. Zote," akarudia.

"Ndiyo, dada. Huku."

Akabonyeza.

Nimelirudia neno lile mara nyingi kuliko jina la mama yangu. Nilisahau "Bwana", nikamaanisha hapa niliposimama, tawini. Yeye alikuwa ameketi mbele ya skrini iliyoandikwa HUKU, mbele ya kabati lenye lebo HUKU, akasikia kwamba data zimeshafika, hatua ya kwanza imekwisha. Akaanzisha ya pili. Mtambo ulimuuliza kama ana uhakika, akaujibu ndiyo, kwa kuwa tulikuwa tumesema na tukarudia. Kanuni yake tuliifuata neno kwa neno.

Mimi niliona taa za diski zikianza kumetameta zote kwa pamoja. Nilipiga simu. "Mbona huku kunaandikwa?"

"Huku wapi?"

"Huku tawini! Kwa Bi Kule!"

 Nilisikia kiti chake kikisukumwa nyuma. Nilichomoa kebo kwa mikono miwili mpaka kidole kikachanika, lakini makabati yale yalinunuliwa kwa ajili ya wepesi wake. Yanalinganisha kwanza, kisha yanapeleka tofauti tu, na tofauti ilikuwa ni siku sita. Dakika nne zilitosha. Bi Kule alikuwa amerudi Jumatatu, saa sita mchana, kabla ya maji.

Wiki iliyofuata hospitali nzima ilitutukana, kwa haki. Wauguzi waliingiza upya kutoka kwenye madaftari. Damu zilipimwa tena, vifua vikapigwa eksirei tena. Karibu kila kitu kinaweza kufanywa tena kwa mtu aliye hai. Taarifa ya mkurugenzi ilisema kilichopotea moja kwa moja ni sehemu ndogo sana isiyoathiri huduma. Nilipoisoma nilitaka kuitafuna.

Kwenye kikao mkurugenzi aliuliza nani amekosea. Mama Diski akajibu kabla sijavuta pumzi: "Niliyebonyeza ni mimi." Nilitazama meza. Nje, ukumbini, nilimshika mkono nikamwambia narudi ndani kusema. Aliuchomoa mkono wake. "Ukisema watatufukuza sote wawili. Hao wagonjwa wabaki na nani? Nyamaza ufanye kazi." Na mimi nikafarijika. Naandika hivyo ili nisijipambe. Nikaenda kunywa maji. Yeye alipewa barua ya kustaafu mapema, mwisho wa mwezi.

Siku zilizobaki alizitumia kuchokonoa diski. Kinachoandikiwa juu wakati mwingine huacha mabaki, na aliyatafuta kipande kwa kipande, kila asubuhi mpaka jioni, miwani puani, bila kula mpaka nimlazimishe. Alipata orodha za dawa. Alipata nusu ya eksirei ya mguu wa mzee fulani uliovunjika. Alikwenda kwa wauguzi wa wodi ya njiti, wakamwambia kwa upole kwamba wiki ile walikuwa na watoto kumi na wanane. Daftari la karatasi lilikuwepo: kilo moja na robo, saa tisa na dakika kumi, wa kike. Uso haukuandikwa, kwa kuwa kulikuwa na picha. Na binti, kule wodini, alikuwa anajifunza kutembea upya, na kila jioni alimuuliza mama yake kama ile fomu inapatikana siku za kazi tu. Mama yake alijibu ndiyo. Hakuwa na ujasiri wa kuongeza neno.

Alikuja mwenyewe, siku tatu kabla ya mama yake kuondoka. Aliruhusiwa kutoka asubuhi ile, akashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, akagonga mlango wetu. Nilifungua mimi. Alikuwa amevaa gauni lililomzidi, na fomu mkononi, sahihi yake imepinda, muhuri wa wodi umekolea.

"Shikamoo, mjomba," akasema, na akampa mama yake fomu. "Wamenipigia muhuri. Nataka kumwona."

Mama Diski aliisoma ile fomu yote, mstari kwa mstari, kama afanyavyo kila fomu. Kisha akasema, "Picha haipo, mwanangu. Imefutika. Niliifuta mimi."

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi niliyemwambia vibaya. Yeye alinisikia mimi." Mwezi mzima nilikuwa nimebeba maneno hayo, na yalipotoka hakuna aliyegeuka kunitazama.

Binti aliketi juu ya boksi la nyaya. Nilingoja apige kelele. Ningefurahi apige kelele.

"Basi niambie wewe," akamwambia mama yake. "Wewe ulikuwa unaenda kila siku. Wewe umemwona. Alikuwaje?"

"Alikuwa mdogo."

"Najua alikuwa mdogo, mama. Nywele je?"

"Walimvisha kofia."

"Na pua? Alichukua ya kwetu au ya baba yake?"

 Mama Diski alikuwa mtu wa kunitajia kwa kichwa diski gani ilibadilishwa mwaka gani, na nani aliileta. Alivua miwani akaishika mapajani.

"Sikumwangalia usoni," akasema. "Nilikuwa nasimama pale kwenye kioo naangalia ile mashine yake, zile namba, kama zinapanda au zinashuka. Nilikuwa naziombea namba. Nikasema uso nitauangalia baadaye, akipata nafuu. Na alipokufa nikasema, picha ipo."

Feni za kabati zilikuwa zinavuma. Kisha binti akanigeukia mimi.

"Na wewe, mjomba? Hata kupita tu, hukuwahi kumwona?"

"Sikuwahi," nikamwambia.